Kumlilia Mungu Si Kukata Tamaa

Huku kwetu Pemba, msiba ukiingia nyumbani, neno la kwanza analopewa mfiwa ni "subiri", na la pili ni "usilie, unamuadhibu maiti wako". Maneno hayo husemwa kwa nia njema, na mara nyingi husemwa na mtu asiye na jingine la kusema. Hata hivyo nimeyasikia yakitumiwa kumnyamazisha mtu ambaye, kwa hakika, alikuwa katikati ya mazungumzo na Mola wake. Hadithi ya maiti kuadhibiwa kwa kilio cha jamaa zake ipo, sikatai, lakini Bibi Aisha (r.a.) aliposikia namna watu walivyoielewa aliipinga, akawasomea aya isemayo kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Kilichokatazwa waziwazi ni kujipiga mashavu, kurarua nguo na kupiga mayowe ya kijahilia. Machozi hayamo humo, wala hayamo malalamiko ambayo mtu anayapeleka kwa Mwenyezi Mungu mwenyewe.

Nalitanguliza hili kwa sababu naamini kwamba wengi wanaodhani imani yao imekufa wakati wa shida wamefikishwa hapo na wenzao, kwa kuambiwa siku baada ya siku kwamba huzuni yao ni upungufu wa dini.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, mfungo mosi ukiwa haujafika nusu na watu wakirejea makwao baada ya Idi, meli iliyokuwa ikitoka Unguja kuja Pemba ilizama katika mkondo wa Nungwi. Watu zaidi ya 600 waliokolewa, miili takribani 200 ikapatikana, na wengine wengi hawakuonekana tena hadi leo. Ni nadra kumpata Mpemba wa umri wangu ambaye hakupoteza ndugu, jirani au mtu aliyesoma naye katika usiku ule. Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa na mwanawe ndani ya meli hiyo, na mwanawe ni katika wale wasioonekana.

Mtu akifa na mwili wake ukawepo, kila mmoja anajua la kufanya: kuna wa kuosha, wa kukata sanda, wa kuchimba kaburi, na mikono ikishughulika moyo nao hupata pa kushika. Mwili usipokuwepo, hata siku ya kuweka tanga huwa ni mzozo. Jamaa waliulizana kama wangojee, kwa kuwa habari zilikuwa zikija kila siku, mara kijana ameonekana Pangani, mara wavuvi wamemchukua hadi Mombasa, na kila habari ilimfanya shangazi asimame na kukaa tena. Waliulizana mkewe aanze eda kwa hesabu ya siku gani, na mirathi ipelekwe lini kwa Kadhi. Dini ina majibu ya maswali hayo, na Maalim wetu wa kijijini aliyatoa yote kwa utulivu: kwamba swala ya ghaibu ipo, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) alimswalia Najashi, mfalme wa Uhabeshi, aliyefia mbali naye; na kwamba anayekufa kwa kuzama huhesabiwa miongoni mwa mashahidi.

Shangazi alimsikiliza kwa adabu mpaka akamaliza, kisha akamuuliza, "Maalim, Nabii Yunus alitolewa baharini, naye alikuwa ndani ya tumbo la samaki. Mwanangu alikosa nini hata asitolewe?"

Maalim alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Sijui, dada yangu. Wallahi sijui." Wala hakuondoka baada ya kusema hivyo. Alibaki pale pale mkekani mpaka adhana ya Alasiri, akavuta ungo uliokuwa karibu naye akaanza kuchambua karafuu pamoja na watu wa nyumba ile, kwa sababu ulikuwa msimu na karafuu haingoji matanga. Nimehudhuria darsa na hotuba nyingi katika maisha yangu, nyingine za masheikh wakubwa, na bado "sijui" ile naiweka juu ya nyingi kati ya hizo.

Baada ya watu kutawanyika, shangazi akawa na desturi yake. Jioni, akiwa juu ya jamvi, vidole vikitenga karafuu na makonyo bila yeye kuvitazama, alikuwa akisema na Mwenyezi Mungu kwa sauti ya kawaida, kwa Kipemba chake, kama anavyosema na mtu aliyekaa upande wa pili wa jamvi. "Wewe unamuona alipo, mimi simuoni. Hata kaburi hukunipa." Kuna jirani aliyemkemea kwa hilo na kumwambia aombe msamaha. Jibu la shangazi lilikuwa fupi: "Nisipomwambia Yeye, nimwambie nani?"

Hakuwa amesoma tafsiri, lakini jibu hilo limo ndani ya Sura Yusuf, aya ya 86, katika kinywa cha Nabii Yaakub (a.s.). Kisa chenyewe tunakisoma tangu chuoni, na kwa kuwa tunakijua mwisho wake huwa tunapita haraka juu ya mateso yake. Yaakub analetewa kanzu yenye damu ya uongo, na anatambua kwamba anadanganywa, lakini hana ushahidi wala hana mtoto. Anasema kwamba lake ni subira njema na kwamba Mwenyezi Mungu ndiye wa kuombwa msaada. Miaka inapita. Yusuf anakuwa mtu mzima katika nyumba ya wageni, anafungwa, anatoka, anashika hazina za nchi ya Misri, na muda wote huo baba yake, ambaye ni Nabii na mwana wa Nabii, hajui mwanawe yuko wapi. Kisha anaondokewa na mwana wa pili. Hapo ndipo Qur'ani inapotuonyesha mzee anayewageuzia watu mgongo na kusema, "Oh, huzuni yangu juu ya Yusuf!" na macho yake yanakuwa meupe kwa majonzi.

Wanawe wanamwambia yale yale ambayo majirani walimwambia shangazi: hutaacha kumkumbuka Yusuf mpaka uwe mgonjwa au ufe. Naye anajibu, "Hakika mimi namshitakia Mwenyezi Mungu sikitiko langu na huzuni yangu, na ninajua kwa Mwenyezi Mungu msiyoyajua nyinyi." Hakukanusha kwamba ana la kushitakia. Alichoeleza ni wapi mashitaka yake yanapelekwa, na hapo, kwa maoni yangu, ndipo imani ya mtu aliyezongwa inapopimwa. Mtu anaweza kuwa na huzuni kubwa kiasi cha kupofuka, kwa maana halisi ya kupofuka, na akawa bado ameelekea upande ule ule aliokuwa akielekea siku zake za raha.

Aya inayofuata, ya 87, ndiyo inayotajwa sana mimbarini: "Wala msikate tamaa na faraja ya Mwenyezi Mungu. Hakika hawakati tamaa na faraja ya Mwenyezi Mungu isipokuwa watu makafiri." Nimeisikia ikisomwa kwa ukali mbele ya watu waliofiwa, mpaka nikaona huruma, kwa sababu msomaji alikuwa amesahau ni nani aliyeyasema maneno hayo. Aliyekataza kukata tamaa ni yule mzee kipofu, na kilio chake kilikuwa hakijakauka. Kisha msomaji alikuwa ameruka mwanzo wa aya yenyewe, nao ni amri ya kutoka: "Enyi wanangu! Nendeni mkamtafute Yusuf na nduguye." Tumaini la Yaakub lilikuwa na kazi ndani yake. Hakuwaambia wanawe wakae wangojee faraja iwateremkie, aliwatuma.

Jambo hili hili liko kwa mama yake Musa, na kwa sisi watu wa visiwani kisa chake kina uchungu wa peke yake, kwa kuwa naye mtoto wake alichukuliwa na maji. Qur'ani, katika Sura Al-Qasas, inasema moyo wake ukawa mtupu, na kwamba alikaribia kuidhihirisha siri yake lau kuwa Mwenyezi Mungu hakuutia nguvu moyo wake. Alikuwa ameahidiwa kwa wahyi kwamba mtoto atarudishwa kwake, na juu ya ahadi hiyo moyo ukawa mtupu. Basi mtu ambaye hakuahidiwa chochote asione ajabu ukiwa mtupu wa kwake. Na alichofanya mama yule baada ya hapo ni kumwambia dada yake Musa, "Mfuatie." Naye pia alituma mtu.

Sasa lazima nilikabili pingamizi ambalo shangazi alinipa mwenyewe nilipomsomea tafsiri ya aya hizi, nikidhani nampelekea dawa. Alinisikiliza kisha akasema, "Mwanangu, hao wote walirudishiwa watoto wao." Ni kweli. Yaakub alinusa harufu ya Yusuf kabla kanzu haijafika, na macho yake yakarudi kuona. Mama yake Musa alimnyonyesha mwanawe ndani ya ulinzi wa Firauni. Ukimpelekea aliyefiwa visa vyenye mwisho wa furaha, unaweza kumfanya ajione ameachwa zaidi ya alivyokuwa kabla hujabisha hodi.

Kwa hiyo siku hizi, ninapozungumza na mtu ambaye lake halitarudi, naanza na mtoto ambaye hakurudi. Mtume Muhammad (s.a.w.) alizika watoto wake wote katika uhai wake isipokuwa Bibi Fatma. Mwanawe wa mwisho, Ibrahim, alifariki Madina katika mwaka wa 10 Hijria, akiwa hajafikia umri wa kuachishwa ziwa. Mtume alimpakata akiwa anakata roho, macho yake yakatoka machozi, na Abdurrahman bin Auf akashangaa akauliza, hata wewe, ewe Mjumbe wa Mwenyezi Mungu? Alijibu kwamba hiyo ni rehema, kisha akasema maneno ambayo kila anayekwenda kutoa mkono wa pole angepaswa kuyahifadhi: kwamba jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila yale yanayomridhisha Mola wetu, na kwamba sisi kwa kuondokewa nawe, ewe Ibrahim, ni wenye huzuni.

Siku hiyo hiyo jua likapatwa, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo cha Ibrahim. Nafikiria sana hapo. Mtu aliyefiwa na mwanawe anaambiwa kwamba mbingu zenyewe zinaomboleza pamoja naye. Ni nani kati yetu angekataa faraja kama hiyo? Yeye aliikataa. Aliwaambia kwamba jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Mwenyezi Mungu, na hazipatwi kwa kufa kwa mtu yeyote wala kwa kuzaliwa kwake, kisha akawaswalisha. Mimi hilo linanipa imani kuliko miujiza mingi, kwa sababu naona mtu mwenye huzuni kamili ambaye hakuhitaji kudanganywa ili aendelee kuamini. Nasi hatuna haja ya kuwabunia wafiwa sababu. Nimewasikia watu wakimwambia mama kwamba mwanawe amechukuliwa kwa kuwa Mungu alimpenda zaidi, au kwamba ameepushwa na balaa kubwa lililokuwa likimjia mbele. Nani aliwaambia?

Zamu yangu ilikuja miaka kadhaa baadaye, mke wangu na mimi tulipomzika mtoto wetu mchanga. Sitaeleza mengi kuhusu hilo. Nitasema tu kuhusu swala, kwa kuwa hilo ndilo watu huniuliza. Nilikuwa nikisimama, nikirukuu na kusujudu, na moyoni hamna kitu, wala hasira, wala khushui, yaani unyenyekevu wa moyo, wala hata ile huzuni niliyokuja nayo msikitini. Uradi wa baada ya Magharibi niliuacha. Sunna niliziacha. Msahafu niliufungua nikaufunga. Kilichobaki ni faradhi tano, na hizo nazo niliziswali kama mtu anayelipa deni, anaweka fedha mezani na kuondoka.

Kilichonitoa katika kujilaumu ni hadithi ya yule mtu wa bara ya Uarabuni, kutoka Najdi, aliyekuja kwa Mtume (s.a.w.) nywele zikiwa timtim, akauliza nini kimefaradhishwa juu yake. Akatajiwa swala tano, saumu ya Ramadhani na zaka, na kila alipouliza kama kuna zaidi aliambiwa hakuna, ila akitaka kujitolea. Akaondoka akisema, "Wallahi sitazidisha juu ya haya wala sitapunguza." Mtume akasema kwamba amefaulu, ikiwa amesema kweli. Hakuambiwa kuhusu ladha ya ibada wala machozi ya usiku. Yupo mtu ambaye dini yake, kwa ahadi ya Mtume mwenyewe, ni faradhi tu, na mimi kwa mwaka ule nilikuwa mtu huyo.

Tena kuna hekima katika kule kugawanywa kwa swala ndani ya siku, ambayo sikuwahi kuiona nilipokuwa mzima wa roho. Alfajiri inakutoa kitandani pale ambapo kitanda kimekuwa shimo. Udhu unakupiga maji usoni, utake usitake. Swala ya jamaa inakuweka bega kwa bega na muuza samaki asiyejua habari zako na anayekupa salamu kama anavyompa kila mtu. Kwa muda mrefu imani yangu ilikuwa miguuni kuliko moyoni, ikinibeba kwenda na kurudi, na siku ladha iliporudi haikuja kwa kishindo. Nilijikuta tu siku moja nimechelewa kutoka msikitini.

Hapa niingize onyo, kwa sababu si kila giza linaondoka kwa kuvumilia. Bibi Maryamu (a.s.), mwanamke ambaye Qur'ani inasema aliteuliwa juu ya wanawake wa walimwengu wote, aliposhikwa na uchungu kwenye shina la mtende alisema, "Laiti ningelikufa kabla ya haya, na nikawa niliyesahaulika kabisa!" Maneno hayo yakitoka leo kinywani mwa binti wa mtu hapa kwetu, kuna watakaosema ana shetani na kuna watakaosema hana imani. Yeye hakuambiwa lolote kati ya hayo. Aliambiwa asihuzunike, kwamba kuna kijito cha maji chini yake, autikise mtende uliompa tende mbivu, ale, anywe na litulie jicho lake. Mwili ulihudumiwa kwanza. Hata swali la watu watasema nini lilipewa jibu la kuupumzisha mwili na roho: asizungumze na mtu siku hiyo.

Kwa hiyo mtu asiyelala wiki nzima, asiyekula, anayetamani kifo na kukitaja, huyo apikiwe uji, akae na mtu usiku, na apelekwe hospitali bila ya aibu wala kuchelewa. Mtume (s.a.w.) alituamrisha tujitibu, na hakuitoa akili katika viungo vinavyougua. Hapa Zanzibar jina la Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili, limefanywa mzaha na matusi kwa muda mrefu mno, na mzaha huo umewafanya watu wajifiche wakiwa na maradhi yenye dawa. Ruqya, kisomo cha kumwombea mgonjwa, na isomwe, mimi mwenyewe nasoma, lakini isisomwe badala ya kwenda kwa daktari. Aliyetamani kufa, Mtume alimkataza kukiomba kifo na akamfundisha badala yake aseme: ewe Mola, nihuishe maadamu uhai ni kheri kwangu, na nifishe ikiwa kifo ndicho kheri kwangu. Ni dua inayomruhusu mtu kukiri alipofika bila ya kujiachia mwenyewe uamuzi.

Wanaoniuliza wasome nini, huwa nawatajia dua ya Nabii Yunus, kwa kuwa ilitamkwa gizani, na ile aya ya 86 ya Sura Yusuf. Halafu nawaambia wazungumze kwa lugha waliyonyonya, kama shangazi, na wafanye hivyo baada ya kutoa salamu, ili masheikh wa madhehebu yetu ya Shafi wasije wakanishika kwa kuwaharibia watu swala zao.

Shangazi yu hai. Amezeeka, karafuu sasa huchambuliwa na wajukuu, na swali lake kuhusu Yunus bado analiuliza. Mwaka huu wa karibuni alimuuliza mwanawe Maalim, aliyerithi msikiti wa baba yake, naye kijana wa watu akaanza kumweleza kwamba maswali kama hayo hayafai. Nilimwomba ruhusa nikamkumbusha Nabii Ibrahim (a.s.) katika Sura Al-Baqara, aliyemwomba Mola wake amwonyeshe vipi anavyohuisha wafu. Akaulizwa, "Kwani huamini?" Akajibu kwamba anaamini, lakini ametaka moyo wake utulie. Huyo ni Khalilullahi, kipenzi cha Mwenyezi Mungu, na moyo wake ulikuwa bado unatafuta kutulia. Hakukemewa, aliambiwa atwae ndege wanne na akapewa la kufanya kwa mikono yake. Kijana alinisikiliza, akamgeukia shangazi, akasema atakwenda kutazama vitabu. Shangazi akamwambia akirudi aje mapema, kwa sababu baada ya Isha yeye hulala.